Mawimbi mawili yaliyoachana kwa volti moja: uchambuzi wa kisa cha swichi ya rutheni na DMSO

Kisa chenyewe ni hiki. Chumvi ya [Ru(NH3)5(DMSO)](PF6)2, yaani kompleksi ya rutheni yenye amonia tano na ligandi (molekuli inayoshikana na metali) moja ya dimethili salfoksaidi, yaani DMSO, imeyeyushwa kwenye maji yenye asidi kidogo na kupimwa kwa voltametri ya mzunguko (volteji inapandishwa na kushushwa huku mkondo ukipimwa) kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Skani, yaani safari ya volteji, inaanzia +0.4 V, inapanda hadi +1.25 V, inashuka hadi −0.2 V, kisha inarudi ilikoanzia. Kasi ni 0.1 V kwa sekunde. Wakati wa kupanda kinaonekana kilele kimoja cha oksidisho (kompleksi kunyang'anywa elektroni) karibu na +1.03 V. Wakati wa kushuka kinaonekana kilele cha ridaksheni (kompleksi kurudishiwa elektroni) karibu na +0.97 V, lakini ni kifupi kuliko inavyotakiwa. Baada ya hapo mkondo unatulia kwa karibu volti nzima, kisha kilele cha pili cha ridaksheni kinajitokeza karibu na 0 V. Skani inapogeuka na kupanda tena, kilele hicho cha pili hakina mwenzake. Volteji zote hapa zimeandikwa kwa kulinganisha na elektrodi sanifu ya hidrojeni.

Wengi wakiuona mchoro huu huandika kwamba mmenyuko haurejei na kwamba sampuli inaharibika ikioksidishwa. Wengine huandika kwamba uhamisho wa elektroni ni wa polepole, ndiyo maana oksidisho na ridaksheni zimeachana mno. Kauli zote mbili ni za makosa. Hakuna kinachoharibika, na elektroni yenyewe inahama haraka. Kinachoendelea ni molekuli kubadili namna inavyoshikana na ligandi yake kila inapopoteza au kupata elektroni. Uchambuzi huu unaonyesha jinsi ya kulithibitisha hilo bila kubaki kwenye dhana. Namba za kasi tunazozitumia ni zile zilizochapishwa mwaka 1982 na mkemia Henry Taube na wenzake, na makadirio mengine yote yamekokotolewa kutoka humo.

Kwa nini ligandi inageuka

DMSO ina milango miwili ya kushikana na metali: atomu ya salfa na atomu ya oksijeni. Rutheni(II) ina elektroni sita kwenye obiti zake za t2g (kundi la obiti tatu za d za metali), na ina wingi wa kutosha kuirudishia ligandi sehemu ya elektroni hizo. Salfa inazipokea vizuri, oksijeni haizipokei. Kwa hiyo Ru(II) inashikana na salfa. Ukiiondolea elektroni moja ikawa Ru(III), urudishaji ule unapungua sana, chaji ya metali inaongezeka, na oksijeni yenye chaji hasi zaidi inakuwa mshirika bora. Ligandi haiondoki kwenye kompleksi. Inahamisha tu mshiko wake kutoka salfa kwenda oksijeni.

Kwa hiyo kuna spishi nne, si mbili: Ru(II)-S, Ru(III)-S, Ru(III)-O na Ru(II)-O; S au O ni atomu ya DMSO iliyoshika metali. Zipange kwenye pembe za mraba. Pande mbili za mraba ni uhamisho wa elektroni, mmoja kwa kila isoma (atomu zilezile, mshiko tofauti): jozi ya S iko karibu na +1.0 V, jozi ya O karibu na +0.01 V. Pande mbili zilizobaki ni mageuko ya ligandi. Ru(III)-S hugeuka kuwa Ru(III)-O kwa konstanti ya kasi ya karibu 0.07 kwa sekunde, sawa na nusu-uhai wa karibu sekunde 10. Ru(II)-O hurudi kuwa Ru(II)-S kwa karibu 30 kwa sekunde, sawa na nusu-uhai wa milisekunde 23. Tofauti ya kasi hizi mbili, zaidi ya mara 400, ndiyo inayoupa mchoro sura yake ya ajabu. Mageuko ya kwanza yanaonekana nusunusu kwenye kasi ya kawaida ya skani, ilhali ya pili yanakwisha kabla hujayaona.

Sasa mchoro unasomeka. Skani inapopanda, Ru(II)-S inakuwa Ru(III)-S pale +1.03 V. Kutoka +1.0 V hadi +1.25 V na kurudi ni volti 0.5, yaani sekunde 5. Katika muda huo takriban asilimia 30 ya Ru(III)-S hugeuka kuwa Ru(III)-O. Kiasi kilichobaki ndicho kinachorudishiwa elektroni pale +0.97 V, na ndiyo sababu kilele ni kifupi. Kilichogeuka kinasubiri hadi karibu 0 V, kinapokea elektroni, kinakuwa Ru(II)-O, na papo hapo kinarudi kuwa Ru(II)-S. Skani inaporudi juu haiikuti Ru(II)-O ya kuoksidisha, maana imekwisha kugeuka. Makadirio haya ya asilimia ni ya juujuu, kwa kuwa Ru(III)-S haizaliwi yote kwa wakati mmoja na inaendelea kuzaliwa na kugeuka wakati volteji inasogea. Ukitaka namba za kuchapisha, igiza mraba mzima kwa programu ya voltametri. Kwa kuamua kama dhana inashika, hesabu hii inatosha.

Washukiwa wanaofanana naye

Ugumu halisi wa kisa hiki uko karibu na 0 V. Hapo kuna spishi tatu za rutheni zenye amonia tano ambazo volteji zao zimebanana ndani ya takriban volti 0.11. Ru(III)-O ya DMSO iko +0.01 V. Kompleksi ya maji, [Ru(NH3)5(OH2)], iko karibu +0.07 V. Kompleksi ya kloraidi, [Ru(NH3)5Cl], iko karibu −0.04 V. Elektrodi rejea (ile ambayo volteji hupimwa kwa kulinganishwa nayo) iliyoyumba kwa milivolti 50 inatosha kukufanya uite moja kwa jina la nyingine. Kwa hiyo nafasi ya kilele peke yake haikubaliki kama ushahidi. Tunasisitiza hili kwa sababu ndipo ripoti nyingi zinapoteleza: mwandishi anapima volteji, anailinganisha na jedwali, anafunga faili.

Kinachotofautisha spishi hizi ni tabia. Kompleksi ya maji ikipata elektroni hubaki ilivyo, hivyo kilele chake kina mwenzake wa kurudi hata kwenye kasi ndogo ya 0.05 V kwa sekunde. Kompleksi ya kloraidi ikipata elektroni huiachia kloraidi upesi na kuwa kompleksi ya maji, hivyo ridaksheni inaonekana −0.04 V lakini oksidisho inayofuata inatokea +0.07 V. Kompleksi ya O ikipata elektroni hurudi kuwa Ru(II)-S, hivyo hakuna oksidisho yoyote karibu na sifuri, na wimbi la +1.03 V linakuwa kamili tena kwenye mzunguko unaofuata. Ni DMSO peke yake inayoufunga mzunguko hadi mwanzo.

Jaribio la pH nalo linasaidia. Kompleksi ya maji ya Ru(III) ina pKa (pH ambapo nusu yake imepoteza protoni) ya karibu 4.2. Ukipandisha pH kupita hapo, volteji yake inaanza kushuka kwa takriban milivolti 59 kwa kila kipimo kimoja cha pH. Jozi ya O haina protoni ya kupoteza kwenye masafa hayo, kwa hiyo haisogei.

Dhana ya uhamisho wa polepole inaangushwa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni umbo: kama jozi moja tu ingekuwa ya polepole, kusingekuwa na kilele cha +0.97 V, maana mkondo wote wa kurudi ungehamia chini. Ya pili ni muundo. Kwenye [Ru(NH3)6] tofauti ya urefu wa vifungo vya Ru–N kati ya hali II na III ni takriban angstromu 0.04 tu, na elektroni inatoka na kuingia kwenye obiti za t2g ambazo haziingii moja kwa moja kwenye vifungo hivyo. Kwa nadharia ya Marcus, inayoeleza kasi ya uhamisho wa elektroni, mabadiliko madogo kiasi hicho yanadai nishati ndogo ya kujipanga upya, na uhamisho unakuwa mwepesi.

Kuandaa sampuli

Anza na [Ru(NH3)5Cl]Cl2, miligramu 200 (milimoli 0.68), kwenye mililita 10 za maji yaliyopulizwa agoni kwa angalau dakika 20. Ongeza chembe za amalgamu ya zinki na uendelee kupuliza agoni kwa dakika 30 hadi 60. Ru(III) inakuwa Ru(II), kloraidi inaachia, na unapata [Ru(NH3)5(OH2)]2+. Hamisha mmumunyo, bila kuugusisha na hewa, kwenye mililita 2 za DMSO iliyopulizwa agoni. Hiyo ni DMSO ya takriban mara 40 ya rutheni kwa moli, na ziada hiyo inahitajika ili maji yasibaki na nafasi yake. Acha saa moja au mbili, ongeza mmumunyo mzito wa amoniamu heksaflorofosfeti (NH4PF6) uliochujwa, poza kwenye barafu, chuja, osha kwa ethanoli baridi kisha etha.

Yanayokwenda kombo hapa ni mawili. Hewa ikiingia kabla DMSO haijashika, kompleksi ya maji ya Ru(II) huoksidishwa na kubaki kama uchafu. Kuosha kukiwa kwa haraka mno, kloraidi na DMSO huru hubaki kwenye fuwele. DMSO huru si uchafu wa kupuuzwa, kwa sababu ndani ya seli inaweza kuikamata kompleksi ya maji taratibu na kuificha dalili uliyokuwa ukiitafuta. Fuwelisha mara ya pili kutoka maji vuguvugu yenye NH4PF6.

Spektra ya infraredi inatoa uthibitisho wa nyongeza, kwa tahadhari. Kifungo cha S–O cha DMSO huru kinaonekana karibu na 1055 kwa sentimita. Kwa kawaida mshiko wa oksijeni unakishusha na wa salfa unakipandisha, lakini metali inayorudisha elektroni nyingi kwa salfa inavuta namba hiyo chini. Juu ya hilo, ukanda mpana wa PF6 karibu na 840 unafunika sehemu ya eneo la mshiko wa oksijeni. Usiuhukumu mshiko kwa infraredi pekee.

Seli ya kupimia

Pima miligramu 5.5 za chumvi kwa mililita 10 za mmumunyo; hiyo ni karibu milimola 1 kwa lita, kwa uzito wa moli wa 554. Mmumunyo wa msingi uwe asidi ya trifliki 0.01 M pamoja na chumvi yake ya sodiamu (trifleti) 0.1 M. Asidi nzito zaidi haina faida, kwani ikikaa muda mrefu huanza kung'oa amonia kwenye Ru(II). Kloraidi isiwepo kabisa, hata ile inayovuja kutoka elektrodi rejea. Tumia elektrodi ya kalomeli au ya fedha na kloraidi ya fedha yenye kizuizi maradufu, chumba cha nje kikiwa na mmumunyo uleule wa trifleti. Kwa kalomeli iliyoshiba, toa 0.24 V kutoka volteji zote za makala hii: jozi ya S itakuwa karibu +0.76 V, ya O karibu −0.23 V.

Elektrodi kazi iwe diski ya kaboni-kioo, si platinamu. Sababu ni ya moja kwa moja: kwenye pH 2 hidrojeni huanza kutoka kwa platinamu karibu −0.12 V, hapohapo unapotaka kuisoma jozi ya O, na juu, karibu na +1.2 V, platinamu huunda oksidi yake yenyewe. Kaboni-kioo inavumilia pande zote mbili. Isugue kwa unga wa alumina wa mikromita 0.3 kisha 0.05, isuuze, na isugue tena kila baada ya kushikilia volteji ya juu kwa muda mrefu. Puliza agoni dakika 15 na uiache ikipita juu ya mmumunyo wakati wa kupima. Oksijeni iliyobaki hutoa mkondo wa ridaksheni unaoinuka taratibu chini ya sifuri na kukunyima msingi wa kupimia kilele.

Kwa diski ya milimita 3, kilele cha kwanza kwenye 0.1 V kwa sekunde kinapaswa kuwa karibu mikroampea 15. Ukipata nusu yake, angalia ukolezi na usafi wa diski kabla ya kutafuta kemia mpya.

Mfuatano wa majaribio

Kwanza, anzia +0.4 V na uende chini, si juu. Sampuli safi haionyeshi chochote hadi −0.2 V, kwa kuwa Ru(II)-S haina la kupokea. Kilele chenye mwenzake karibu +0.07 V kwenye skani hii ya kwanza ni kompleksi ya maji, na sampuli irudishwe kusafishwa. Jaribio hili linachukua sekunde 12 na usiende hatua nyingine bila hilo.

Pili, nenda juu na urudi kwa kasi tofauti. Kwenye 0.02 V kwa sekunde Ru(III)-S inakaa sekunde 25, na zaidi ya asilimia 80 inageuka: kilele cha +0.97 V karibu kinatoweka na cha 0 V kinakua. Kwenye 1 V kwa sekunde inakaa nusu sekunde, inageuka asilimia 3 au 4, na jozi ya S inaonekana kama jozi ya kawaida inayorejea. Mtu aliyepima kwa 1 V peke yake angeapa kwamba kompleksi hii haibadiliki. Ndiyo maana mchoro wa kasi moja hauthibitishi lolote hapa.

Tatu, shikilia +1.25 V kwa sekunde 60 ili karibu Ru(III)-S yote iliyo jirani na elektrodi igeuke, kisha shuka kwa kasi kubwa. Sasa unaitafuta Ru(II)-O kabla haijatoroka. Safari ya kutoka +0.01 V hadi −0.2 V na kurudi ni volti 0.42. Kwenye 5 V kwa sekunde inachukua milisekunde 84 na inasalia asilimia 8 tu. Kwenye 20 V kwa sekunde inasalia kama nusu. Kwenye 50 V kwa sekunde inasalia karibu asilimia 78, na kilele cha kurudi kinasimama wazi. Kilele kinachozaliwa kadiri kasi inavyoongezeka ni alama ya mageuko yanayofuata uhamisho wa elektroni. Uharibifu wa moja kwa moja wa polepole, au kompleksi ya maji, haviwezi kukitengeneza.

Kuna alama nyingine kwenye kasi ndogo, na tunaipenda kwa sababu haihitaji vifaa vya kasi. Mageuko ya haraka yanayofuata ridaksheni huisogeza nafasi ya kilele. Kwa konstanti ya kasi, k, ya 30 kwa sekunde, kilele kwenye 0.1 V kwa sekunde kinatarajiwa karibu +0.016 V, juu kidogo ya volteji ya jozi yenyewe, na kinashuka kwa karibu milivolti 30 kila kasi inapozidishwa mara 10, hadi mageuko yanaposhindwa kwenda sambamba na skani. Uhamisho wa polepole ungekishusha kwa karibu milivolti 59.

Nne, rusha volteji ghafla badala ya kuitelezesha. Baada ya kushikilia +1.25 V, ruka hadi −0.2 V kwa milisekunde 10, kisha ruka hadi +0.4 V na upime chaji inayotoka. Kwenye +0.4 V ni Ru(II)-O pekee inayoweza kuoksidishwa. Ru(II)-S inahitaji +1.0 V. Swichi yenyewe inakuchujia kipimo. Rudia kwa milisekunde 20, 40 na 80: inatarajiwa kusalia takriban asilimia 74, 55, 30 na 9. Gawanya kila chaji kwa ile ya kompleksi safi ya maji iliyorushwa vivyo hivyo, ili kuondoa sehemu inayopotea kwa msambao tu, yaani molekuli kutawanyika mbali na elektrodi. Logi asilia ya uwiano huo dhidi ya muda ni mstari, na mwinamo wake ni −k.

Kasi kubwa na makosa yake

Kwenye 50 V kwa sekunde diski ya milimita 3 hubeba mikroampea zaidi ya 300 za mmenyuko, pamoja na karibu 100 za kuchaji uso. Ukinzani usiofidiwa wa omu 100 tu unaongeza kosa la milivolti 40, na vilele vinaachana kana kwamba uhamisho umekuwa wa polepole. Tumia diski ya milimita 1: mkondo unapungua mara 9, ukinzani unaongezeka mara 3 tu, hivyo kosa linapungua hadi theluthi. Hakikisha pia kwamba potenshiostati (kifaa kinachoongoza volteji) inaweza ngazi ndogo kwa kasi hiyo. Ngazi za milivolti 1 kwenye 50 V kwa sekunde zinadai hatua moja kila mikrosekunde 20. Pima ferosini-methanoli kwenye seli ileile na kasi ileile. Ikiwa vilele vyake, vinavyopaswa kuachana kwa milivolti 60 hivi, vimeachana kwa 110, basi 50 za ziada ni za kifaa, na utaziona pia kwenye jozi ya O.

Rudia kila kitu kwa ukolezi wa 0.2 na 2 milimola kwa lita. Ru(II)-O ikikutana na Ru(III)-S ndani ya mmumunyo, inaikabidhi elektroni bila kupitia kwenye elektrodi, na msukumo wa mmenyuko huo ni karibu volti nzima. Uwiano wa vilele ukibadilika kwa ukolezi, njia hii ya pembeni inafanya kazi na lazima iingizwe kwenye uigaji. Usipobadilika, konstanti za kasi ulizozipata ni za molekuli moja moja.

Volteji zinasema nini na hazisemi nini

Ukizunguka mraba mzima unarudi ulipoanza, kwa hiyo tofauti ya volti 0.99 ni lazima ilipwe na mageuko mawili ya ligandi kwa pamoja. Zao la konstanti za msawazo za mageuko hayo, yaani moja ikizidishwa kwa nyingine, ni takriban 10 kwa kipeo cha 16.7, sawa na kilojuli 95 kwa moli. Angalia neno "zao" lenye maana ya kuzidisha. Volteji mbili hazikuambii ni kiasi gani kimelipwa upande wa Ru(III) na kiasi gani upande wa Ru(II). Kwa hilo unahitaji kasi ya mageuko ya kinyume, ambayo ni ndogo mno kuonekana kwenye majaribio ya hapo juu. Ripoti inayotoa konstanti mbili tofauti kutoka voltamogramu pekee imezibuni.

Ndani ya pengo la kati ya 0 na +1.0 V kompleksi ina hali mbili zinazodumu. Kwenye +0.5 V, iliyotoka chini ni Ru(II)-S na iliyotoka juu ni Ru(III)-O, na volteji ni ileile. Mitsuru Sano na Taube walilitumia hilo mwaka 1991 kwenye molekuli yenye rutheni mbili zilizounganishwa na daraja lenye salfoksaidi, wakaonyesha histeresi (hali inayotegemea njia iliyopitwa) ndani ya molekuli moja moja, bila kuhitaji fuwele wala ujirani wa molekuli nyingi. Anayetaka kupima kompleksi ya aina hiyo aanze na mfuatano huuhuu, ila kila kituo cha rutheni kina jozi yake na mraba unakuwa na pembe nyingi zaidi, kwa hiyo kushikilia volteji kwa muda uliopangwa kunakuwa na thamani kubwa kuliko skani yenyewe.